Kutosha ya Tanga na Kutosha ya Lubumbashi

Vijana wanaoendesha shule ya Kiswahili ya Jumamosi wameniomba niandike historia ya shule zetu za zamani hapa Bertrams na Troyeville, Johannesburg, ili watoto wajue zilianzaje. Nimekubali kwa sababu wengi walioziona hawapo tena, na kwa sababu historia hii hunichekesha kila ninapoikumbuka, hata pale inaponiuma. Shule hiyo ya Jumamosi ilikaribia kufa kwa ajili ya neno moja tu, na aliyelisikia vibaya neno hilo ni mimi.

Mtaa wetu ni mdogo. Ukitoka upande wa uwanja wa mpira ukapanda kuelekea Troyeville, unapita majengo ya shule yaliyokuwa yamezeeka kabla sisi hatujavuka mpaka wowote: matofali mekundu, madirisha marefu, jina limechongwa juu ya mlango. Shule zetu sisi wageni hazikuacha hata tofali.

Ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa gereji. Mzee mmoja wa Kizanzibari alitoa gari lake nje, akatandika mikeka, akaanza kufundisha watoto Kurani na herufi. Yeye aliiita skuli. Gari lililala barabarani mpaka likaibiwa, na tulipokwenda kumpa pole alisema Mungu amemwamulia vizuri, maana siku zote mkewe alikuwa akimuuliza gari litarudi lini ndani.

Ya pili ilikuwa ya Wakongo, nyuma ya duka la fundi cherehani ambalo Jumapili liligeuka kanisa. Watoto walikaa kuizunguka meza ndefu ya kukatia nguo, wakajifunza nyimbo za Kiswahili na hesabu za Kifaransa, na fundi mwenyewe ndiye aliyefundisha, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wao hawakuiita skuli wala shule. Waliiita masomo. Ukimuuliza mama mtoto yuko wapi, anakwambia, "Iko ku masomo," na sisi wa pwani tukatazamana.

Ya tatu ndiyo hii ya Jumamosi. Ilizaliwa siku wazazi wa pande zote walipogundua kwamba wana ugonjwa mmoja nyumbani. Unamwita mtoto kwa Kiswahili, anakuja. Unamtuma, anakwenda. Anaelewa kila kitu. Lakini akifungua kinywa anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika anakasirika kwa Kizulu. Tukaenda kwa masista wa shule ya zamani ya matofali, waliokuwa wamebaki wachache na wazee, tukaomba chumba kimoja kwa asubuhi moja ya wiki. Aliyetupokea alikuwa sista mwembamba kutoka Ireland, mwenye mashavu mekundu na soksi nene mwaka mzima. Alitupa chumba kwa sharti kwamba kiwe cha watoto wa wageni wote, si cha kabila moja, wala nchi moja, wala dini moja.

Mwalimu nikawa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuuza viatu vya mitumba karibu na uwanja, baada ya kuvishona na kuving'arisha. Lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Tanga, na katika mtihani wa Kiswahili nilipata alama ya juu kabisa. Jambo hilo halikuwa siri. Nilihakikisha kila anayenunua viatu kwangu analijua.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kibao cha mlangoni. Mimi nilitaka tuandike Shule, Mzanzibari akataka Skuli, fundi cherehani akataka Masomo. Sista akasema kwa Kiingereza chake cha kuimba, kwa nini msiandike yote? Tukaandika yote. Baba mmoja wa Kikenya akasema mpita njia atadhani ni shule tatu zinazogombania chumba kimoja, na hakukosea sana.

Majira ya baridi ya Johannesburg hayana huruma kwa mtu wa pwani. Tulileta jiko la mkaa, tukaliweka kizingitini, mlango wazi. Mimi nikasema jiko. Wakongo wakasema mbabula. Mlinzi wa geti, ambaye ni Mzulu, akasikia akaja mbio akisema kwao ni imbawula. Wakapeana mikono yeye na wale Wakongo kama ndugu waliopotezana utotoni, na mimi mwenye Kiswahili cha kitabuni nikabaki mgeni peke yangu.

Sista alipenda kuja kuota moto pale, na ndipo alipotusimulia shule za kijiji chao. Alisema zamani sana, kabla ya babu yake, sheria ilikuwa imewakataza watu wao kusoma, basi mwalimu alikusanya watoto nyuma ya ua wa miti ya miiba, mmoja akisimama mbali kutazama kama askari wanakuja. Baadaye ikajengwa shule ya nyasi. Kila mtoto alikwenda asubuhi na bonge la udongo mweusi kwapani, udongo unaochimbwa kwenye majimaji ukakaushwa, ukawaka kama kuni. Asiyeleta bonge alikaa mbali na moto. Kisha ikajengwa ya mawe, nzuri, yenye kengele, na humo ndimo watoto walimovishwa shingoni kijiti chenye kamba. Kila mtoto aliposikika akisema lugha ya nyumbani kwao, kijiti kilitiwa alama kwa kisu, na jioni alama zilihesabiwa kwa fimbo. Bibi yake alikivaa. Alipokuwa mzee hakuwahi kumwimbia mjukuu wimbo hata mmoja wa lugha ile, ingawa alizijua nyimbo zote.

Nilimsikitikia sana bibi yule. Nikawatafsiria watoto, nikasema, mnaona watu walivyokuwa wakatili. Kisha nikageuka ubaoni nikaendelea na kazi.

Na kazi yangu ilikuwa hivi. Mtoto akisema sentensi, naikata katikati. "Siyo Kiswahili hicho." Akisema tena, naikata tena. Mbele kabisa alikaa binti mdogo wa msusi mmoja kutoka Lubumbashi, mtoto mwepesi wa kinywa, ambaye hakuogopa kusema na kwa hiyo alikatwa kuliko wote. Mama yake ndiye aliyekuwa amewaleta Wakongo wengine. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi, na walimfuata kwa kuwa kila mwanamke wa mtaa amepita chini ya mikono yake.

Siku moja nilimwambia binti yule atueleze mama yake anafanya nini. Akasimama, akasema, "Maman yangu anatumika ku salon."

"Anatumika?" nikasema. "Kama kitana? Mama yako anafanya kazi. Vinavyotumika ni vitu."

Watoto wa pwani wakacheka. Nilijiona mwalimu mwenye vichekesho. Yule binti alikaa, na siku hiyo hakusema tena.

Jumamosi iliyofuata mama yake alikuja mwenyewe, amejifunga kitambaa kizuri cha kichwa, uso umekazwa. Nilidhani ni baridi. Akasimama mlangoni akaniambia, "Papa mwalimu, nimekuya kutosha mutoto."

Hapa inabidi nieleze nilivyokuwa nikiwasikiliza Wakongo. Sikuwa nikiwasikiliza. Nilikuwa nikiwatengeneza. Wao walisema, mimi kichwani nikashona, nikapiga msumari, nikapaka rangi, halafu ndipo nikaelewa kile nilichokitengeneza mwenyewe. Basi "kutosha mutoto" nikaigeuza mara moja. Kwa mtu wa Tanga, tena muuza viatu, kutosha ni kuenea. Kiatu kinatosha mguuni. Nikaona huyu mama anataka kusema kwamba mtoto wake sasa ametosha, ameenea darasani, na amekuja kushukuru.

Nilifurahi mno. Nikamkamata mkono kwa mikono yangu miwili. "Ametosha, mama," nikamwambia. "Ametosha kabisa! Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Mungu akubariki."

Aliutoa mkono wake. Kisha akamwita binti, akachukua mkoba wake na sweta lake, wakaondoka. Nilimpa mtoto kipande cha kashata aende nacho njiani. Nikawaambia wengine, mnaona mzazi anayejua shukrani?

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Iliyofuata hawakuja na wale wa ghorofa yao. Kabla baridi haijaisha, hapakuwa na mtoto hata mmoja wa Kikongo, na Warundi nao wakakonda kama mbalamwezi ya mwisho wa mwezi. Nilibaki na watoto wachache wa Tanga na Unguja, wawili kati yao wajukuu zangu, ambao waliletwa kwa kukamatwa.

Na mimi nilifanya nini? Nilisema. Kibandani kwangu, msikitini, kwenye foleni ya teksi, nilimwambia kila mtu kwamba wale watu hawajali lugha, umewafanyia wema wamekukimbia. Nilisema hivyo majira mazima, kwa ufasaha. Fundi cherehani alipopita mbele ya viatu vyangu nilijifanya nashona.

Kisha sista akaja. Alisema kwa upole kwamba chumba kilikuwa cha wageni wote, na sasa anaona cha mji mmoja. Kuna kikundi cha karate kinakiomba. Kama watoto hawatarudi, mwezi ujao atawapa. Alisema pia kwamba anasikitika, na nikaona ni kweli, kwa sababu aliuota ule moto hata baada ya kumaliza maneno yake.

Nilimweleza mke wangu, nikitegemea atawalaumu Wakongo pamoja nami. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza kama nimekwenda kumuuliza yule mama. Nikasema hapana, kwa nini niende mimi? Akasema, "Bwana, kiatu cha mtu kikikushinda mara ya kwanza unakirudia. Watu ndio hutaki kuwarudia."

Basi nikavaa koti nikaenda. Saluni ya yule msusi ilikuwa barabarani, baada ya robot ya pili, yaani taa za barabarani, chumba chembamba chenye vioo pande zote na kelele za mashine za kukaushia nywele. Wanawake walikuwa wamejaa. Yeye mwenyewe alikuwa anasuka mtu, aliniona kwenye kioo, akaendelea kusuka. Msaidizi wake, msichana mkarimu, akanionyesha kiti kimoja kilichobaki, ambacho juu yake palikuwa na boksi kubwa.

"Papa," akasema, "tosha ile kartoni, uikale."

Nilimshukuru. Niliona ni desturi yao: kiti kigumu, basi wameweka boksi juu yake ili mgeni apate ulaini, na binti ananihakikishia kwamba linatosha. Nikajaribu kwa mkono, nikaona kweli linatosha. Nikapanda. Nilikaa pale juu, miguu haifiki chini, kofia yangu karibu inagusa taa, nikawasalimu wote kama hakimu.

Mikono yote iliacha kusuka. Hata mashine naona zilizimwa. Halafu boksi likapasuka, nikazama mpaka makwapa, na kando yangu vikachomoza vichwa viwili vya plastiki vilivyovaa nywele za bandia.

Msichana akasema, karibu kulia, "Papa, miye nilisema utoshe kartoni."

"Na mimi nimeona limetosha," nikajibu kutoka ndani.

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Lakini yule mama hakucheka. Aliweka kitana chini, akanijia, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Weye," akasema. "Kwenu, kutosha ni nini?"

Nikamwambia. Kiatu kikienea mguuni, kimetosha. Chakula kikishibisha, kimetosha.

"Kwetu ni kuondoa," akasema. "Kutosha viatu ku miguu. Kutosha jino."

"Na mtoto shuleni," nikasema.

"Na mutoto ku masomo."

Niliona uso wake unaanza kulegea pembeni mwa midomo. Akawageukia wenzake akawasimulia yote, na sasa ndipo alipocheka, huku anapiga paja. "Minamuambia nakuya kutosha mutoto. Ananipa mikono mbili! Anafurahi! Ametosha kabisa, Mungu akubariki. Na bonbon anamupa. Nilirudi ku nyumba nalia, nasema huyu muzee alikuwa anangojea tu hii siku."

Walinitoa kwenye boksi wanawake wawili, nikiwa nacheka nami hadi machozi. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilimwambia basi mama, tumeelewana, Jumamosi mlete mtoto.

Akatikisa kichwa. Akarudi kwa mteja wake, akashika nywele, akaniuliza kupitia kioo kwa nini sijamuuliza mbona alitaka kumtoa mtoto tangu mwanzo.

Ni kweli, sikuwa nimeuliza. Nikauliza.

Alisema taratibu, vidole vikiendelea. Mtoto alirudi nyumbani akaanza kumsahihisha. Akisema neno, anaambiwa, maman, haiko vile. Akisema lingine, vilevile. Baadaye mtoto aliacha kumsahihisha, na akaacha kusema naye. Ni Kiingereza tu. Siku ile ya mwisho mteja aliingia saluni akamsalimu mtoto kwa Kiswahili, akamuuliza mama anafanya nini siku hizi, na mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba mama yake ni kitana.

"Papa, mutoto nilimuleta kwako aongee na miye," akasema. "Ulimufundisha kuona haya sababu ya kinywa yangu."

Nilitafuta pa kuangalia, na katika chumba kile kila nilipoangalia palikuwa na kioo.

Nina mwana mtu mzima, anaishi Soweto. Ananipigia simu kila Ijumaa, mtoto mwenye adabu, na tunaongea Kiingereza. Siku zote nilisema ni jiji hili lililomwibia lugha. Lakini alipokuwa mdogo kila sentensi aliyoniletea niliikunjua, nikaipiga pasi, nikamrudishia. Ikafika siku akaacha kuleta. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa sijayaweka mahali pamoja mpaka siku ile, nimesimama na vipande vya boksi kwenye koti. Sista naye alikuwa ameniambia habari za kijiti waziwazi, tena nikazitafsiri mwenyewe kwa kinywa changu.

Nilimwomba radhi. Sikutumia maneno mazuri, na nadhani hilo lilisaidia. Akasuka mstari mzima kabla ya kujibu.

"Nitamurudisha," akasema. "Lakini nitaikala naye pale ndani. Siku utasema haiko Kiswahili, nitasimama."

Nikasema sawa. Akasema tena kwamba hatakuja peke yake. Nikasema hata hivyo ni sawa. Nilikuwa sijui nimekubali nini.

Jumamosi hiyo nilifika mapema nikawasha mbabula. Walikuja kama msafara wa harusi: yeye, binti, msichana wa saluni, fundi cherehani na utepe wake, akina mama wa ghorofa nzima, Warundi nyuma yao, na watoto wakikimbia mbele. Mke wangu aliposikia akaja na wenzake wa Tanga, kwa sababu hakutaka kusimuliwa. Akina mama walikaa kwenye madawati, watoto wakasimama kando ya ukuta. Sista alichungulia, akaenda kuleta viti vya kanisani.

Nilikuwa nimepanga niandike neno moja ubaoni kisha niulize, kwenu mnasemaje? Niliandika kisamvu. Nilidhani ni neno salama.

"Hiyo ni sombe," akasema mama mmoja.

Mke wangu akasema sombe ni yao wanayoiharibu kwa mawese. Msusi akauliza kama kuna mtu mwenye akili anayetia nazi kwenye majani ya muhogo. Mrundi akasema jina ni isombe, na kwamba wote wawili hawajui kutwanga. Baba wa Kikenya akasema kwao wala hawali, na kwa mara ya kwanza pande zote zilikubaliana, zikamzomea. Somo la kusoma na kuandika halikufanyika siku ile. Likapangwa shindano la vyungu, ambalo lilifanyika kweli, na ambalo mpaka leo kila upande unasema ulishinda. Sista ndiye aliyekuwa mwamuzi, akala vyote, akakataa kusema.

Watu wa karate walipewa chumba cha chini. Familia moja ya Kikongo haikurudi. Walikuwa wamehamia Cape Town katika ile miezi niliyokuwa nikisema maneno kibandani, na kijana wao ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Hilo sikuweza kulishona.

Kabla ya kufunga Jumamosi ile ya kwanza, nilimwomba binti wa msusi atusimulie lolote alilotaka. Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasimama akaanza kusimulia jinsi paka wa jirani yao alivyoingia ndani ya mashine ya kufulia. Alichanganya kila kitu. Ngeli zilikwenda zilikotaka, paka alikuwa mara mtu mara kitu, katikati akatia eish ya mtaani hapa, mwishoni mwa sentensi akatia njo vile, yaani ndivyo hivyo ya kwao. Nilihisi ulimi wangu unanyanyuka. Mama yake, kwenye dawati la mbele, alikuwa ameshashika pembe mbili za dawati, tayari kusimama.

"Endelea," nikasema. "Paka akafanyaje?"

Sikumbuki paka alitokaje. Mtoto mwingine aliingilia akasema kwao pia kulikuwa na paka, mwingine akasema huyo si paka mwingine, ni yule yule, mama mmoja akataka kujua mashine ilikuwa ya nani, na chumba kizima kikawa kinasema kwa wakati mmoja, watoto kwa wakubwa. Nilikaa juu ya meza ya mwalimu na chaki yangu mkononi, nikawasikiliza.